Moto Ukitoka kwa Jirani, Nani Analipa? Dhamana ya Mali Iliyoungua na Nafasi ya Bima katika Fiqhi

 

Tuchukue mfano ambao imamu yeyote wa mtaa anaweza kuletewa baada ya Sala ya Alfajiri. Zaid na Amri ni majirani, nyumba zao zimepakana ukuta kwa ukuta. Usiku moto umezuka jikoni kwa Zaid, ukashika paa, na upepo ukaupeleka kwa Amri. Nyumba ya Zaid imeungua nusu. Ya Amri imeteketea yote, pamoja na cherehani mbili alizokuwa akipatia riziki na magunia manne ya karafuu aliyowekewa na shemeji yake. Amri hana bima. Zaid anayo, kwa kuwa aliyemkopesha fedha za kujengea alimshurutisha akate.

Kulipokucha watu wamejaa barazani na kauli zimekuwa tatu. Mzee wa kwanza amesema: "Moto umetoka kwako, Zaid. Lipa." Wa pili amesema: "Hii ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Nani wa kumdai?" Wa tatu amesema: "Mnagombana bure. Zaid ana bima, bima italipa, yaishe."

Kauli zote tatu zina kipande cha ukweli, na hakuna hata moja inayotosha kuwa hukumu. Imamu akiifuata ya kwanza bila ya kuuliza, huenda akamlisha Amri mali ya Zaid kwa batili. Akiifuata ya pili, huenda akaipoteza haki ya Amri. Akiifuata ya tatu, atawarudisha watu majumbani wakitarajia fedha ambazo huenda zisije kabisa. Basi tuzichambue moja baada ya moja, Inshaallah.

Kauli ya kwanza: "Moto umetoka kwako, basi lipa"

Asili katika sheria ni kwamba mali ya Muislamu ina heshima kama ilivyo damu yake, na mwenye kuiharibu hudaiwa. Lakini ipo asili nyingine iliyo sawa nayo kwa nguvu: dhima ya mtu ni safi mpaka ithibiti sababu ya kudaiwa. Kwa hiyo swali la fakihi si "moto ulianzia wapi?" bali ni "nani alifanya nini, au aliacha kufanya nini, hata moto ukafika pale?"

Wanachuoni wamegawa uharibifu katika mafungu mawili. La kwanza ni kuharibu kwa mkono (mubashara), kama mtu anayewasha kiberiti akachoma paa la mwenzake. Huyu analipa, awe amekusudia au amekosea. La pili ni kusababisha (tasabbub), kama mtu aliyewasha moto wake mahali pake kwa haja yake, kisha ukatoka ukaenda kwa mwingine. Huyu halipi mpaka ionekane kwamba amevuka mpaka (taadi) au amezembea (tafriti). Kanuni hizi mbili zimeandikwa katika Majalla, kitabu cha sheria za madai kilichotungwa na wanachuoni wa Kihanafi wa dola ya Uthmania kati ya mwaka 1869 na 1876. Zimo katika kifungu cha 92 na cha 93. Moto wa jirani mara nyingi huingia katika fungu hili la pili.

Ipo Hadithi inayotajwa sana katika mlango huu. Ameipokea Abu Dawud na Ibn Majah kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.), na maana yake ni kwamba kilichoharibiwa na moto hakina fidia. Msomaji asiichukue Hadithi hii mbiombio. Imam Ahmad aliikosoa, na wako wanachuoni wa Hadithi waliosema kwamba mpokezi alisoma vibaya: neno la asili lilikuwa "kisima", kama lilivyo katika Hadithi mashuhuri ya Bukhari na Muslim, nalo likafanana na neno "moto" kwa jinsi lilivyoandikwa. Imam al-Khattabi aliitetea kwa kuwa aliikuta kwa njia nyingine. Lakini hata yeye aliyeitetea hakuifanya kuwa ruhusa ya uzembe. Ameieleza kwamba inamhusu mtu aliyewasha moto katika milki yake kwa haja yake, upepo ukaurusha kwa mwingine naye hana uwezo wa kuurudisha. Hivyo ikiwa Hadithi ni sahihi au si sahihi, hukumu inabaki mahali pamoja.

Na hapo ndipo walipokutana maimamu wa madhehebu, ingawa ibara zao zinatofautiana:

Wanachuoni wa Shafii, ambao ndio wanaofuatwa na Waislamu wengi wa Pwani yetu, wamesema kwamba mwenye kuwasha moto katika milki yake hadaiwi cheche ikiruka, madhali moto ule ni wa kiasi cha kawaida na hapakuwa na upepo mkali. Akizidisha kuliko ada ya watu, au akiuwasha wakati upepo unavuma kwa nguvu, anadaiwa. Ukivuma baada ya kuwasha, bila ya uzembe wake, hadaiwi.

Wanachuoni wa Maliki wameangalia masafa. Kama baina ya moto na mali ya jirani palikuwa na umbali ambao mtu huona ni salama, kisha upepo ukauchukua, hakuna dhamana. Kama palikuwa karibu kiasi kwamba hakuna mwenye akili anayejiaminisha, dhamana ipo. Nao pia wametaja kuwasha moto siku ya upepo mkali kuwa ni sababu ya kudaiwa.

Ibn Qudama, mwanachuoni wa Hanbali aliyefariki mwaka 620 Hijria, ameeleza hivyo hivyo katika al-Mughni, na ameongeza mfano wenye faida. Matawi ya mti wa jirani yakikauka kwa joto la moto wako, unalipa, kwa sababu hayakauki ila kwa moto uliozidi kiasi. Lakini kama matawi hayo yalikuwa yameingia katika anga ya kiwanja chako, hulipi. Tazama jinsi fakihi anavyofanya kazi: ameangalia athari ya moto, akaitumia kuwa ushahidi wa kiasi chake.

Wote wamekubaliana juu ya jambo moja jingine. Mwenye kuwasha moto katika milki ya mtu mwingine bila ya idhini amevuka mpaka tangu mwanzo, na anadaiwa ukienea.

Jibu la mzee wa kwanza basi ni hili: kutoka kwa moto nyumbani kwa Zaid ni habari tu, bado si hukumu.

Kauli ya pili: "Ni kadari ya Mwenyezi Mungu"

Kila Muislamu anaamini kwamba moto ule ulikuwa katika elimu ya Mwenyezi Mungu kabla ya kuwaka. Lakini kuamini kadari hakujapata kufuta haki ya mja. Aliyeua kwa kukosea pia ameua kwa kadari, na juu ya hayo Qur'ani katika Sura an-Nisaa aya ya 92 imewajibisha diya na kafara.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe hakuuacha moto wa nyumba kuwa ni jambo la kadari tupu. Abu Musa (r.a.) amesimulia kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wamo ndani. Mtume (s.a.w.) alipoelezwa habari zao, aliwafahamisha Sahaba kwamba moto ni adui yao, na akawaamrisha wauzime wanapolala. Ameipokea Bukhari na Muslim. Na katika Hadithi ya Jabir (r.a.) iliyomo katika Bukhari, ameamrisha taa zizimwe usiku na akataja sababu: panya huenda akauburuta utambi akawaunguza watu wa nyumba. Mwenye kuambiwa hatari na njia ya kuikinga, kisha akaacha, huyo hawezi kusimama baadaye akasema hakujua.

Tarehe ya mji huo huo wa Madina inatupa mifano miwili ya kutofautisha. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) umeungua mara mbili. Mara ya kwanza ni mwanzo wa Ramadhani mwaka 654 Hijria (1256), pale mtumishi wa msikiti alipoingia ghalani na taa kuchukua kandili, akaiacha huko ikiwaka, moto ukashika vilivyomo na kuenea msikiti mzima. Mara ya pili ni Ramadhani ya mwaka 886 Hijria (1481), radi ilipopiga mnara mkuu. Katika moto huo wa pili ndipo maktaba ya mwanahistoria wa Madina, as-Samhudi, ilipoteketea, naye mwenyewe alikuwa Makka. Mioto yote miwili ni kadari, na hasara yake ni moja. Lakini mmoja una mkono wa mtu aliyesahau taa, na mwingine hauna mkono wa mtu. Fiqhi ya dhamana inaanzia katika tofauti hiyo.

Na isidhaniwe kwamba kudaiwa ni kuhukumiwa kuwa mwenye dhambi. Dhamana ni kuziba pengo la aliyepoteza. Ndiyo maana mtoto mdogo aliyechezea kiberiti akachoma ghala la watu hana dhambi, lakini fidia inatoka katika mali yake kama anayo. Ikiwa mlezi ndiye aliyezembea, kwa mfano amempa kiberiti au amemwacha peke yake na moto, basi mlezi naye anaulizwa kwa uzembe wake.

Msingi wa kupima uzembe kwa ada ya watu tunauona katika kesi ya ngamia wa al-Bara' bin Azib (r.a.) aliyeingia katika shamba la watu akaliharibu. Mtume (s.a.w.) alihukumu kwamba wenye mashamba wayalinde mchana, na kilichoharibiwa na wanyama usiku kiwe juu ya wenye wanyama, kwa sababu ada ni kuwafunga usiku. Ni katika mlango huu huu Qur'ani imeitaja hukumu ya Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) juu ya kondoo waliolisha shamba la watu usiku, Sura al-Anbiyaa aya ya 78 na 79.

Uzembe wa leo unapimwaje?

Mafakihi walizungumzia cheche, upepo na utambi. Kwetu leo kuna jiko la mkaa, mtungi wa gesi, waya wa umeme, dumu la petroli na chetezo cha udi. Kanuni ni ile ile. Kinachobadilika ni ada na elimu ya watu juu ya hatari.

Aliyelala na kuliacha jiko la mkaa likiwaka karibu na ukuta wa mbao au chini ya makuti amezembea. Aliyesikia harufu ya gesi siku tatu akapuuza kubadili mpira wa mtungi amezembea. Anayeweka madumu ya petroli ndani ya nyumba ya kuishi ili auze rejareja amevuka mpaka, kwa kuwa nyumba ya kuishi katika mtaa wa watu haikuwekewa hilo. Aliyejiungia umeme kwa njia ya mlango wa nyuma amekusanya makosa mawili: kula mali isiyo yake na kuwahatarisha majirani.

Lakini aliyejenga kwa fundi anayejulikana kwa kazi yake, nyumba ikakaguliwa, kisha waya uliofichika ndani ya ukuta ukashika moto bila ya dalili yoyote kabla yake, huyo hana uzembe. Kama fundi ndiye aliyefunga vibaya, dai linamfuata fundi. Mtume (s.a.w.) amemuwajibisha dhamana mtu anayetibu watu naye hajulikani kwa utabibu, Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, an-Nasai na Ibn Majah, na wanachuoni wamelipanua jambo hili kwa kila anayeingia kazi ya watu bila ya kuijua.

Yafaa pia kuangalia kwamba dhamana ni ya aliyetenda, wala si ya mwenye nyumba kwa kuwa tu ni mwenye nyumba. Ikiwa mpangaji ndiye aliyeacha jiko, mpangaji ndiye anayeulizwa. Na ikiwa jirani aliyeunguliwa naye alichangia, kwa mfano alirundika magunia ya mkaa kwenye ukuta wa pamoja baada ya kuonywa, hawezi kuubebesha upande mmoja hasara yote.

Ushahidi nao una mpangilio wake. Anayedai ndiye anayeleta bayana, na anayekanusha huapa. Taarifa ya kikosi cha zimamoto na ya mafundi wa umeme ni kauli ya watu wenye ujuzi, na imamu aiombe kabla ya kusema neno. Uvumi wa barazani hauthibitishi dhamana.

Kuna mas-ala ya nyumba iliyobomolewa ili moto usiendelee. Majalla, kifungu cha 919, imesema kwamba aliyebomoa nyumba ya mtu kwa amri ya wenye mamlaka ili kuuzuia moto halipi, na aliyebomoa kwa rai yake mwenyewe analipa. Katika mitaa yetu iliyosongamana, vijana wenye hamasa wanapaswa kulijua hili kabla hawajashika shoka.

Kinacholipwa ni nini?

Sahani ilipovunjwa katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) na mmoja wa wake zake, alitoa sahani nzima badala ya iliyovunjika. Kutokana na Hadithi hiyo na nyinginezo, mafakihi wameweka daraja mbili. Kitu chenye mfano wake sokoni, kama karafuu, mchele au mafuta, hulipwa kwa mfano wake: aina ile ile na kiasi kile kile. Kisicho na mfano kamili, kama cherehani iliyotumika au kabati la kuchongwa, hulipwa kwa thamani yake siku ya kuharibika, wala si kwa bei ya kipya dukani. Ama ukuta na jengo, wako waliosema hulipwa thamani iliyopungua, na wako waliosema hujengwa mfano wake. Imam Bukhari ameweka mlango maalumu wa aliyebomoa ukuta kwamba ajenge mfano wake, na akaleta chini yake kisa cha Jurayj ambaye watu walimbomolea hekalu lake. Wenye kesi wakipatana juu ya mojawapo, ni kheri.

Kauli ya tatu: "Ana bima, bima italipa"

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Bima ya moto ya jengo inamlinda mwenye jengo kwa hasara ya jengo lake. Mara nyingi hiyo ndiyo anayoshurutisha mkopeshaji, kwa sababu anataka kuilinda fedha yake. Bima hiyo haimlipi jirani hata senti. Bima inayoweza kumlipa jirani ni ile ya dhima kwa watu wengine, nayo ni mkataba wa pekee au kifungu cha ziada. Na hata hiyo hailipi ila pale mwenye bima anapokuwa anadaiwa kisheria. Mahakama za Kenya na Tanzania, ambazo sheria yake ya madhara imerithiwa kutoka Uingereza, nazo huuliza kwanza kama kulikuwa na uzembe. Kwa hiyo tumerudi pale pale tulipoanzia: bila ya kuthibitisha kosa la Zaid, bima ya Zaid haina cha kumpa Amri. Ndiyo maana mwenye nyumba huambiwa kwamba kinga ya mali yake aitafute upande wake mwenyewe, asitegemee ya jirani.

Je, sheria ya Kiislamu inasemaje juu ya mkataba wenyewe? Miongoni mwa wanachuoni wa mwanzo kuuandikia ni Ibn Abidin wa Damascus, aliyefariki mwaka 1252 Hijria (1836). Alieleza desturi ya wafanyabiashara wa bahari kumlipa mtu fedha maalumu ili awadhamini mali yao isiungue, isizame wala isiporwe. Rai yake ni kwamba si halali kwa mfanyabiashara kuchukua badala ya mali iliyopotea kwa mkataba huo, kwa kuwa ni mtu kujilazimisha jambo ambalo sheria haikumlazimisha.

Karne ya 20 mjadala ulipanuka. Sheikh Mustafa az-Zarqa aliitetea bima kuwa inajuzu kwa asili yake, na rai yake ilijadiliwa katika kongamano la fiqhi la Damascus mwaka 1961. Wengi hawakukubaliana naye. Baraza la Wanachuoni Wakubwa la Saudi Arabia mwaka 1977, kisha Jopo la Fiqhi la Jeddah katika kikao chake cha Desemba 1985, yaliamua kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ni haramu kwa kuwa ina gharari kubwa. Mbadala uliopitishwa ni bima ya kusaidiana, yaani takaful, ambamo wachangiaji hutoa kwa nia ya tabarru na mfuko ni wao wenyewe. Shirika la mwanzo la namna hii lilianza Sudan mwaka 1979. Kenya, kampuni ya takaful ilianza kazi mwaka 2011.

Wako wanaoulinganisha mkataba wa bima na aqila, ile jamaa ya mtu iliyobeba diya ya kuua kwa kukosea. Ulinganisho huo una faida katika kuonesha roho ya kusaidiana, lakini usivutwe kupita mpaka wake. Wanachuoni wameeleza kwamba aqila hubeba diya ya mtu, haibebi mali iliyoharibiwa. Deni la mali iliyoungua ni la aliyeiharibu katika mali yake.

Kutokana na hayo kuna mas-ala manne ambayo imamu ataulizwa.

La kwanza: je, Amri anaweza kupokea fedha kutoka kampuni ya bima ya biashara ya Zaid? Wako wanachuoni wa zama hizi waliojibu ndiyo, madhali dai lake juu ya Zaid ni la haki na hakuzidisha. Haki yake iko juu ya Zaid, na njia atakayotumia Zaid kulipa deni lake si mkataba wa Amri.

La pili: je, bima inamwondolea Zaid deni? Hapana. Bima ikikataa kulipa au ikilipa pungufu, kilichobaki ni deni lake mbele ya Mwenyezi Mungu na mbele ya jirani.

La tatu: ikiwa Amri angekuwa na takaful yake ikamlipa, angeweza kumdai Zaid pia? Hapati malipo mawili kwa hasara moja. Kiwango namba 26 cha AAOIFI kuhusu bima ya Kiislamu kimekataza kukusanya fidia mbili za namna hiyo. Dai juu ya aliyezembea huhamia kwenye mfuko uliolipa, na mfuko ndio utakaomfuata Zaid.

La nne: kuongeza vitu ambavyo havikuwemo, au kuchoma nyumba yako ili ulipwe. Huko ni kula mali za watu kwa batili, na katika takaful ni kuwaibia ndugu waliochanga. Na moto huo ukimfikia jirani, mchomaji ameharibu kwa mkono wake na kwa makusudi, hana pa kukimbilia.

Ikiwa hakuna wa kudaiwa

Itatokea mara nyingi kwamba uzembe haukuthibiti. Hapo Amri hana dai, na mwenye kumlazimisha Zaid kulipa amemdhulumu. Lakini Amri bado hana paa, na sheria haikumwacha. Mujahid, mfasiri mkubwa miongoni mwa Tabiina, alipofasiri kundi la wenye madeni wanaostahiki Zaka, alimtaja kwa uwazi mtu ambaye nyumba yake imeungua, au mafuriko yamechukua mali yake, akawa anakopa kulisha watu wake. Na katika Hadithi ya Qabisa (r.a.) iliyomo katika Muslim, mtu aliyefikwa na msiba ulioangamiza mali yake ni miongoni mwa watatu walioruhusiwa kuomba mpaka apate cha kusimamisha maisha yake. Kamati ya Zaka ya msikiti isisubiri hukumu ya nani mkosa ndipo isaidie. Haya ni mambo mawili mbalimbali.

Imamu ajue pia mipaka yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imeziachia mahakama za kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu. Kesi ya nyumba iliyoungua haimo. Aliye na dai ataenda mahakama za kawaida, au majirani watakaa katika suluhu. Suluhu ndiyo kazi ya imamu, na haiwi suluhu ya haki mpaka kila mmoja aelezwe kwanza haki yake ni ipi. Akijua, akasamehe, amesamehe kilicho chake. Akisamehe kwa kuambiwa "ni kadari tu" naye ana haki, amepokonywa bila ya kujua.

Turudi kwa Zaid na Amri

Imamu awaulize kwanza: moto ulianza vipi? Ikithibiti kwamba jiko la mkaa liliachwa likiwaka watu wakalala, aliyeliacha anadaiwa, iwe ni Zaid au ni mwingine wa nyumba ile. Atalipa thamani ya nyumba au kuijenga, na cherehani kwa thamani yake. Karafuu atalipa kwa mfano wake, na hizo ni haki ya shemeji. Amri hamlipi shemeji yake, kwa kuwa alikuwa mwekewa amana na hakuzembea. Zaid aiulize kampuni yake kama mkataba una kifungu cha dhima kwa wengine. Kama haupo, deni ni lake, na akiwa na dhiki, Qur'ani katika al-Baqara aya ya 280 imemwamrisha mdai ampe muda na imemsifia kusamehe.

Ikithibiti kwamba ni waya uliofichika, au haikuthibiti lolote, Zaid hana deni la fidia. Linabaki deni la ujirani, la msikiti na la mfuko wa Zaka.

Na kabla ya hayo yote kuna Sunna iliyo nyepesi kuliko kesi yoyote: moto uzimwe, taa izimwe, mtungi ufungwe, kila usiku kabla ya kulala. Mwenye kuifuata amejikinga yeye, amemkinga jirani yake, na amejiepusha na kusimama mbele ya Mola wake akiwa na deni la nyumba ya mtu.

Wallahu a'lam.